Majuto ni Mjukuu: Tuyaseme Kabla ya Desemba



Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mara nyingi methali hii tunaitumia kumfunga mtu mdomo. Kijana akivunjika mguu kwa kuendesha pikipiki akiwa amelewa, tunamwambia majuto ni mjukuu. Mama akimpoteza mtoto kwa kuchelewa kufika hospitali, majirani wananong'ona hivyo hivyo. Tukishaisema, kila mtu anarudi nyumbani kwake, na hakuna aliyejifunza kitu.

Mwezi huu napenda kutoa maoni yaliyo tofauti kidogo. Ni kweli majuto huja baadaye. Lakini mjukuu naye ni mtu, na ana maisha mbele yake. Yaliyompata bibi yakisemwa mapema, mjukuu anaweza kuchagua njia nyingine. Yakifichwa, mjukuu atapita njia ile ile na kutumbukia katika shimo lile lile. Kwa hiyo swali si kama tunajuta au hatujuti. Hakuna mtu mzima asiye na jambo analojutia. Swali ni hili: majuto yetu tunayafanyia kazi gani, na tunayasema lini?

Nitaeleza kwanza majuto ni kitu gani kwa afya ya mtu. Kisha nitakuja kwenye jambo linalotugusa sisi wa Nyansurura na wilaya zote mbili za Tarime na Serengeti, yaani ukeketaji wa wasichana, ambao wengi bado wanauita tohara ya wanawake.

MAJUTO YANAYOPONYA NA MAJUTO YANAYOUGUZA

Majuto ni maumivu ya moyo. Na maumivu, hata yale ya mwili, yana kazi yake. Mtoto akishika kaa la moto huutoa mkono mara moja kwa sababu anaumia. Mgonjwa wa ukoma ambaye vidole vyake vimekufa ganzi huweza kushika sufuria ya moto bila kusikia lolote, na ndiyo maana anapata vidonda na kupoteza vidole. Si kwamba ukoma unavila vidole, bali amekosa maumivu ya kumwonya. Mtu asiyejuta kamwe yuko katika hali kama hiyo. Atarudia kosa lile lile mpaka limmalize.

Lakini maumivu yakishafanya kazi yake ya kuonya yanapaswa kupungua. Yakibaki siku zote huwa yenyewe ni ugonjwa. Hali kadhalika majuto. Yapo majuto yanayomnyima mtu usingizi, yanamwondolea hamu ya chakula, yanampeleka kwenye pombe, na wengine wanafikia kuwaza kujidhuru. Ukimwona ndugu yako katika hali hiyo kwa zaidi ya wiki mbili, usimwambie ajikaze. Mlete hospitali au kituo cha afya azungumze na mhudumu. Na akisema anataka kufa, usisubiri hata siku moja.

Tofauti ya majuto hayo mawili iko katika swali ambalo mtu anajiuliza. Majuto yanayouguza huuliza: "Mimi ni mtu mbaya kiasi gani?" Swali hilo halina mwisho. Majuto yanayoponya huuliza: "Ni wapi palikuwa na njia nyingine, na kesho nitafanya nini?" Swali hili lina jibu. Hata katika sakramenti ya Kitubio tulifundishwa tangu utoto kwamba kulia peke yake hakutoshi. Majuto huenda pamoja na kukusudia kutorudia, na pia kurekebisha pale tulipoharibu.

NAMNA HOSPITALI INAVYOTUMIA MAJUTO

Watu wengi hawajui kwamba hapa Tanzania mama akifa kwa sababu ya uzazi hospitalini, jambo haliishii kwenye mazishi. Kifo hicho hutolewa taarifa, kisha wahudumu hukaa pamoja na kukipitia hatua kwa hatua. Hawakai kumtafuta mtu wa kumwadhibu. Wanauliza: dalili ilianza lini? Nani aliamua aje, na aliamua saa ngapi? Usafiri ulipatikanaje? Alipofika alihudumiwa baada ya muda gani? Damu ilikuwapo? Mwishoni huandikwa kitu cha kubadilisha, jina la atakayekibadilisha, na tarehe.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba vifo vingi vya akina mama vinatokana na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Angalieni kwamba kuchelewa kwa kwanza kuko nyumbani. Daktari hayupo hapo. Wapo baba, mama mkwe, na mjamzito mwenyewe.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Sababu za kupungua huko ni nyingi, na sitasema ni mapitio hayo peke yake. Lakini najua kwamba kifo kinachopitiwa kwa maswali yaliyo sahihi hufundisha, na kifo kinachonong'onwa tu hakifundishi mtu.

Nauliza basi: kwa nini familia zetu zisifanye vivyo hivyo? Kwa nini jambo la kujutia likitokea nyumbani, tunagawanyika kati ya wanaolaumu na wanaonyamaza?

JAMBO LETU LA MARA

Sasa nije kwenye ukeketaji. Uchunguzi wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2015 hadi 2016 walikuwa 10, na mwaka 2022 walikuwa 8. Katika Mkoa wetu wa Mara, hesabu ilikuwa 32 katika kila 100 mwaka 2015 hadi 2016, na 28 mwaka 2022. Inashuka, lakini polepole. Bado ni zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne.

Madhara yake sisi wauguzi tunayajua. Siku ile ile msichana anaweza kuvuja damu nyingi na kuzimia, na wengine wamekufa. Anaweza kushindwa kukojoa kwa maumivu. Kidonda kinaweza kuoza, na pepopunda inaweza kuingia. Kisu kimoja kikitumiwa kwa wengi kinaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Miaka ikipita, kovu halinyumbuki kama ngozi ya kawaida. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa akina mama zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Ilionekana kwamba waliokeketwa walipata zaidi upasuaji wa kuzalishwa na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na watoto wao walikufa zaidi wakati wa kuzaliwa au mara baada ya kuzaliwa. Faida ya kiafya ya ukeketaji haipo hata moja.

Mama anayesoma ukurasa huu akiwa alikeketwa, nakuomba usijione una kosa. Ulitendewa. Ukiwa mjamzito nenda kliniki mapema, mweleze muuguzi bila aibu, na upange kujifungulia hospitalini.

Lakini hapa ndipo penye fumbo ambalo kila mara linanisumbua. Kama akina mama wengi hivyo wamepitia maumivu haya, na wapo wanaoyajutia kwa niaba ya mabinti zao, kwa nini kila msimu wa Desemba, shule zikifungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, wasichana wengine wanapangwa foleni?

Jibu langu ni kwamba majuto yapo, ila yamefungiwa ndani. Msichana anasikia ngoma, anaona zawadi na mashangilio. Hasikii kilichompata mama yake usiku uliofuata. Mama anaona aibu kusema. Bibi anaona ni mwiko. Baba hakuwapo. Basi msichana anachagua, au anachaguliwa, akiwa amesikia upande mmoja tu wa habari. Tunamwambia majuto ni mjukuu wakati tulikuwa nayo tayari mkononi, tukayaficha.

Mwaka 1994 na 1995 wataalamu wa Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, walieleza kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi mambo waliyoyafanya, lakini wakitazama nyuma maisha yao yote hujutia zaidi mambo ambayo hawakuyafanya. Leo mama anaogopa kusema kwa sababu kesho mama mkwe atakasirika. Hasira ya mama mkwe itapita. Kunyamaza kwake kutamfuata hata uzeeni.

WALIOSEMA

Wapo waliovunja ukimya huo. Rhobi Samwelly amesimulia hadharani kwamba alikeketwa akiwa na umri wa miaka 13 na akavuja damu karibu kufa. Hakubaki analia nyumbani. Mwaka 2014 alishiriki kufungua Nyumba Salama pale Mugumu, mahali ambapo wasichana wanaokimbia kisu wanapokelewa. Kabla msichana hajarudishwa kwao, wazazi huzungumzwa nao na kuahidi kwa maandishi kwamba hawatamkeketa. Kule Masanga, wilayani Tarime, Kanisa letu lilianza mwaka 2008 kupokea wasichana wakati wa msimu. Wanafundishwa mila njema, afya na haki zao, nao wanahitimu kwa sherehe bila kumwaga damu.

Wapo pia ngariba wa mkoa huu walioweka visu chini mbele ya watu. Nawaheshimu sana, kwa kuwa ngariba akikiri anapoteza kipato na heshima kwa siku moja. Hatuna budi kusema pia kwamba ngariba aliyeacha akiachwa bila shamba, bila mtaji wala rafiki, anaweza kushawishika kurudi. Majuto ya mtu mmoja yanahitaji mkono wa jumuiya, la sivyo yanachoka.

MZAZI ANAYEOGOPA MAJUTO YA PANDE MBILI

Najua mzazi mmoja atasema: "Muuguzi, unasema kwa urahisi. Nikimkataza, binti yangu ataitwa msagane. Akikosa mume, nitajuta pia." Hoja hii si ya kudharau. Ni hoja ya mzazi anayempenda mtoto wake, naye amebanwa katikati.

Namjibu kwa habari ya mzazi mwingine wa zamani sana, Benjamin Franklin, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani. Mwaka 1736 mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka minne, alikufa kwa ndui. Wakati huo ilikuwapo njia ya kukinga ndui kwa kuchanja, kabla ya chanjo salama zaidi ya Edward Jenner ya mwaka 1796. Wazazi wengi waliiogopa, kwa maana mara chache ilileta kifo. Waliona kwamba mtoto akifa kwa kuchanjwa, hawatajisamehe. Mtoto wa Franklin hakuwa amechanjwa. Uvumi ukaenea kwamba kuchanja ndiko kulikomwua, naye akaandika gazetini kuukanusha. Miaka mingi baadaye, akisimulia maisha yake, alieleza kwamba alijuta sana kutomchanja, na kwamba anataja jambo hilo kwa ajili ya wazazi wenzake. Hoja yake ilikuwa nyepesi: majuto yanaweza kuja kwa upande wowote, kwa hiyo mzazi achague upande wenye hatari ndogo.

Tuipime hoja hiyo hapa kwetu. Upande mmoja kuna matusi, na hofu ya kukosa mume. Upande wa pili kuna damu, kovu, uzazi wa shida, na wakati mwingine kaburi. Matusi yana dawa, nayo ni watu wengi kukataa pamoja. Hofu ya mume nayo ina dawa, nayo ni vijana wa kiume kusema wazi kwamba watawaoa wasichana wasiokeketwa. Lakini kiungo kilichokatwa hakirudi. Ng'ombe wa mahari hata wakija wataisha, na kovu litabaki.

Tena kuna sheria. Tangu mwaka 1998 ni kosa la jinai nchini Tanzania kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitano na kisichozidi 15, au faini, au vyote viwili. Sheria haimgusi ngariba peke yake. Mzazi au mlezi anayesababisha mtoto akeketwe anahusika pia. Ni majuto gani hayo, mama gerezani na binti kitandani?

TUFANYE NINI

Natoa mapendekezo machache ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya bila fedha.

Kwanza, mama aliyepitia jambo hili amwambie binti yake kabla ya msimu, si baada yake. Si lazima aeleze kila kitu. Maneno matatu yanatosha: iliniuma, ilinidhuru, sitaki ikupate. Yasemwe shambani au kisimani, mahali ambapo mama na binti wanazungumza kwa raha.

Pili, baba asijifiche nyuma ya methali kwamba haya ni mambo ya wanawake. Ruhusa ya nyumba mara nyingi iko kwake. Baba akisema "binti yangu hakatwi" mbele ya ndugu zake, amempunguzia mkewe nusu ya mzigo.

Tatu, jumuiya ndogo ndogo, WAWATA na vijana wa VIWAWA watenge kikao kimoja kila mwaka kabla ya shule kufungwa. Watumie maswali yale ya hospitali: ni wapi palikuwa na njia nyingine, nani atafanya nini, kwa tarehe ipi? Waandike majina ya familia zilizoahidi. Familia ikiahidi peke yake huyumba. Familia kumi zikiahidi pamoja husimamiana.

Nne, anayejuta asisutwe. Bibi aliyewapeleka mabinti zake wote, akisimama leo na kusema "wajukuu wangu hapana", asiulizwe alikuwa wapi siku zote. Tukimcheka yeye, hakuna mwingine atakayesimama.

Tano, msichana aliye hatarini aende kwa mwalimu, katekista, muuguzi, ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Na yale niliyosema juu ya ukeketaji yafaa kwa mengine mengi. Aliyeacha kumeza dawa za shinikizo la damu akapooza upande mmoja, awaambie wenzake walioanza kuzichoka. Aliyemwachisha binti shule, awaambie wenye mabinti wa darasa la saba. Anayejutia pombe, aseme na vijana kabla hawajaonja. Dawa ya majuto ya mwenzako hainunuliwi dukani, lakini haifanyi kazi mpaka yeye mwenyewe afungue kinywa.

Ndugu msomaji, kama unalo jambo moja unalojutia, usilibebe tu. Tafuta mtu mmoja ambaye bado hajafikia njia panda uliyopita wewe, umwambie. Na kama una binti au mjukuu wa kike, usingoje ngoma zianze kulia. Desemba haiko mbali.